Kipimo cha betri ya sola kinapodanganya

FUNDI wa nguo anayetegemea sola katika kijiji cha Tana River anatazama kipimo cha betri yake na kuona imejaa robo tatu. Anawasha pasi ya umeme. Mara moja kipimo kinashuka karibu na sufuri na mashine ya kugeuza umeme, inverta, inaanza kulia. Anapoizima pasi, kipimo kinapanda tena taratibu.

Wengi wakiona hivyo huamua betri imekufa, wakasafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen hadi Malindi kununua nyingine. Wengine hukipuuza kipimo kabisa, na hao ndio huiua betri nzima kwa mikono yao.

Hasara hiyo si ndogo. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere huzalisha umeme kwa maji ya mto Tana, lakini vijiji vingi vya sehemu za chini za mto huo huo hutegemea sola. Tana River ni miongoni mwa kaunti 14 zilizolengwa na mradi wa KOSAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2017 ili kuwafikia watu walio mbali na gridi ya taifa.

Chanzo cha utata ni kwamba vipimo vingi vya bei nafuu havipimi umeme uliobaki. Hupima volti tu, kisha hukisia.

Ni sawa na kukadiria maji ya tangi kwa kutazama kasi yake mferejini. Mifereji yote ikifunguliwa kwa pamoja, kasi hupungua hata kama tangi limejaa.

Betri ya volti 12 ya risasi na asidi, ikiwa imepumzika, huwa na takriban volti 12.7 ikijaa, 12.2 ikifika nusu, na chini ya 11.9 ikiisha. Lakini ndani yake na katika nyaya zake mna ukinzani unaopunguza volti kila mkondo unapopita.

Pasi ya wati 1,000 huvuta takriban ampea 90 kutoka kwa betri hiyo. Ukinzani ukiwa ohimu 0.01 pekee, volti 0.9 hupotea. Betri yenye volti 12.4 itasomeka 11.5, yaani tupu, ilhali sivyo.

Hata hivyo, kipimo hakisemi uongo mtupu. Mwaka wa 1897 mwanasayansi Mjerumani, Wilhelm Peukert, alionyesha kuwa betri za risasi hutoa umeme kidogo zaidi zinapovutwa kwa nguvu. Betri ya ampea 100 kwa saa, inayotoa ampea 5 kwa saa 20, haitatoa ampea 50 kwa saa mbili. Mara nyingi haifiki hata saa moja na nusu.

Hatari nyingine huja pasi ikizimwa. Volti zikipanda, mwenye betri hudhani imejijaza na kuendelea kuivuta. Betri za aina hii zikishushwa chini ya nusu kila siku huzeeka upesi, na joto kali la Garsen huongeza kasi hiyo.

Njia ya kujua ukweli ni kuipumzisha betri. Zima kila kitu usiku, kisha upime volti alfajiri kabla jua halijagusa paneli. Iwapo betri iliyojazwa kikamilifu jana inasoma chini sana ya 12.7, au taa ndogo tu inaimaliza upesi, hapo ndipo ina kasoro.

Kabla ya kununua nyingine, kaza na usafishe vichwa vya betri, na utumie nyaya nene na fupi. Vifaa vizito vitumiwe mchana jua likiwa kali.

Kwa betri za lithiamu aina ya chuma na fosfati, volti husaidia hata kidogo zaidi kwa kuwa hazibadiliki sana hadi umeme unapokaribia kwisha. Hizo zahitaji kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Nacho hukosea kidogo kidogo, hivyo betri ijazwe kabisa mara kwa mara ili hesabu ianze upya.

Mwezi wa Novemba 2023, mafuriko yalikata barabara ya Garsen kuelekea Lamu. Katika siku kama hizo betri mpya haipatikani kwa urahisi, na anayejua kukisoma kipimo chake ndiye hubaki na mwanga.