Boljointi kati ya Vumbi la Kilosa na Lami ya Mikumi

Gari linalotoka Kilosa kwenda Mikumi kupitia Ulaya hupita katika barabara ambayo kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa ya udongo na changarawe, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 70, kisha huingia katika barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ambako mabasi na malori huenda kasi isipokuwa katika kipande cha takriban kilomita 50 kinachokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, penye matuta na vibao vya kupunguza mwendo. Mabadiliko hayo ndani ya safari moja ndiyo yanayoifanya boljointi istahili kuangaliwa kuliko spea nyingine nyingi, kwa sababu ubovu wake hukua taratibu kwenye mashimo, gari likiwa katika mwendo mdogo, ilhali hatari yake kubwa huwa kwenye lami.

Boljointi ni kiungo kinachounganisha mkono wa chuma unaotoka kwenye fremu au bodi ya gari na chuma kinachobeba gurudumu la mbele. Ndani yake mna pini nene yenye kichwa cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe cha chuma, kama kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa kwenye nyonga, ili gurudumu liweze kupanda na kushuka na wakati huohuo kugeuka kwa kuufuata usukani. Kati ya kichwa na kikombe mara nyingi huwekwa tabaka jembamba la plastiki ngumu pamoja na grisi, kisha sehemu hiyo yote huvalishwa mfuko mdogo wa mpira unaozuia vumbi na maji yasiingie na grisi isitoke.

Madereva wengi hulilaumu shimo, na kweli shimo lina sehemu yake, lakini kiungo chenye grisi safi hustahimili mishtuko mingi sana. Kinachokimaliza upesi ni kuchanika kwa ule mfuko wa mpira ambao bei yake ni ndogo na ambao hauonekani mpaka mtu ainame chini ya gari. Wakati wa kiangazi vumbi laini huingia na kuchanganyika na grisi, na masika yanapofika maji ya tope huiosha grisi iliyobaki na kuacha kutu. Katika bonde la Mto Mkondoa, uliofurika vibaya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, maji kusimama barabarani si jambo geni, na gari linalopita humo likiwa na mpira uliochanika hupeleka mchanga moja kwa moja kwenye kichwa cha pini. Kwamba mkwaruzo mdogo tu unatosha kuleta balaa kulidhihirika mwaka 2005, pale Toyota ilipoyaita kwa marekebisho magari zaidi ya 700,000, mengi yakiwa Marekani, yakiwemo ya aina za Tacoma na Tundra, kwa sababu huenda boljointi zake zilikwaruzwa wakati wa kutengenezwa.

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni mlio wa kugonga upande mmoja wa mbele gari linapovuka tuta au kukata kona taratibu, ikifuatiwa na usukani unaoyumba kwenye barabara iliyonyooka na tairi linalolika ukingo mmoja. Hata hivyo, dalili hizo hizo huweza kutokana na bushi zilizopasuka, tairodi iliyolegea au shokapu iliyovuja mafuta, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea, maana fundi asiyepima hubadilisha shokapu mbili nzima na mwenye gari huondoka na mlio wake uleule.

Kupima kwenyewe si kugumu. Gurudumu huinuliwa kwa jeki, na gari huwekewa stendi. Ikiwa springi imekaa juu ya mkono wa chini, jeki huwekwa chini ya mkono huo, kwani bila hivyo springi huendelea kukibana kiungo na kuficha ulegevu wake. Fundi hulishika tairi juu na chini na kulitikisa, huku mwenzake akikanyaga breki: ulegevu ukitoweka, lawama ni ya beringi, ukibaki, boljointi hushukiwa, na jicho huhamia kwenye kiungo chenyewe kuona kama kinacheza. Tairi linalocheza likishikwa kushoto na kulia huelekeza zaidi kwenye tairodi.

Si kila gari lina kiungo hiki mahali pamoja. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zinazotumika sana katika utalii wa hifadhini, zina ekseli nzima ya mbele, hivyo gurudumu lake hugeuka juu ya beringi badala ya boljointi za juu na chini, ingawa tairodi zake zina viungo vya aina hiyohiyo. Kwa magari mengi madogo ya familia, boljointi ya chini ndiyo ya kuchunguzwa.

Kiungo kilicholika kikichomoka, gurudumu hulala na gari huanguka upande huo. Likiwa linageuka taratibu sokoni Kilosa, hasara huwa ya chuma. Likiwa katika kona za Mlima Kitonga, baada ya kuipita Mikumi kuelekea Iringa, dereva hana tena cha kufanya kwa usukani. Kukigonga kikombe kwa nyundo ili kibane, au kukichomelea, hakurejeshi kilicholika, na moto wa kuchomelea huiyeyusha plastiki na kudhoofisha chuma. Gereji inayopendekeza tiba hiyo ni ya kukimbiwa. Kinachofaa ni kiungo kipya, kisha kupima upya mpangilio wa magurudumu, na kwa anayetumia njia hii mara kwa mara, kumwomba fundi aukague mpira kila anapobadilisha oili.