Nani Atatunga Swali la Mbuzi Wetu?

Fundi cherehani hachukui mkasi kabla ya kupima na kuchora. Kila kiumbe nacho kina mchoro wake, uitwao jenomu: maelekezo ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Mwaka 2010, Taasisi ya J. Craig Venter ya Marekani iliunda kwa kemikali jenomu nzima ya bakteria, herufi zaidi ya milioni moja, ikaipandikiza katika seli nyingine, na seli ikaishi. Herufi milioni hazipangwi kwa kalamu. Zinahitaji programu ya kompyuta.

Mwaka huohuo, taasisi ya Riken ya Japani ilianzisha shindano la GenoCon. Washindani walipewa data kwa intaneti, wabuni jeni za kuuwezesha mmea kuondoa hewani fomaldehidi, kemikali ile ya kuhifadhia maiti. Wanafunzi wa sekondari nao walitengewa kundi lao.

Faida ya programu huria iko hapo. Maandishi yake yako wazi. Yeyote huyasoma, huyarekebisha na kuyagawa bila malipo. Katika shindano la iGEM, lililoanzia chuo cha MIT, timu za programu hutakiwa kuziacha kazi zao wazi namna hiyo. Kwa hiyo mwanachuo wa ualimu pale Kinampanda, wilayani Iramba, akiwa na kompyuta na intaneti, anashika zana ileile ya mtafiti wa London. Ila kuingiza timu iGEM ni ada ya maelfu ya dola. Programu ni bure, mlango unalipiwa.

Lakini zito zaidi ni hili: atungaye swali ndiye achaguaye tatizo. Bakteria yule wa Venter ni wa jamii inayougua mbuzi. Wataalamu wa ILRI, Nairobi, na wenzao walimpunguzia jeni 68, wakampandikiza kwa mbuzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mbuzi hao hawakuugua. Hiyo ni hatua ya kuelekea chanjo, na kwa mfugaji wa Singida mbuzi ndiyo benki yake.

Swali la namna hiyo halina budi litungwe na sisi. Vyuo vyetu vikuu na COSTECH vinaweza kuandaa shindano dogo, lisilo na ada, kwa programu huria. Mchoro wa kompyuta si chanjo bado. Maabara na sheria za usalama lazima vifuate. Lakini asiyechora hatashona.