Kabla ya kununua batri mpya, panda uangalie fishi

Leo naleta mambo ya kazi yangu, elektromekaniki, juu kuna feza za watu zilibakia kidogo tu zipotee.

Kituo cha afya kimoja karibu na Goma kiliniita. Frigo ya chanjo ilikuwa inazimika kila usiku wa manane. Mama muganga mkubwa wa pale akaniambia, "Mwanangu, batri zimekufa. Komite imeshakusanya feza ya kununua zingine."

Nikapima batri: si mbovu, ziko na njaa tu. Nikapima pano za jua: volti zote ziko. Njo hapa wengi tunadanganyika. Kipimo cha volti hakivuti umeme, ni kama hakuna, basi hata njia mbovu inaonekana nzuri. Lazima upime wakati kazi inafanyika. Jua lilipokuwa kali na regileta ikaanza kuvuta ampere 8, volti 8 zikapotelea njiani. Nikapanda juu ya manjanja. Fishi inayounganisha pano mbili ilikuwa moto, plastiki imegeuka kahawia na imeanza kuyeyuka.

Piga hesabu: volti 8 mara ampere 8 ni wati 64. Ile ni nguvu ya chuma cha kuchomelea redio, imefungwa ndani ya plastiki yenye unene wa kidole, juu ya mbao za paa. Na chini ya ile paa njo wodi ya wamama wazazi.

Ni fishi ya aina ya MC4, na ile 4 ni milimita za pini yake ya ndani. Nusu moja ilikuja na pano. Nusu ingine fundi aliitoa sokoni, ya mtengenezaji mwingine. Ziliingiana, zikalia "ka!", kila mtu akaridhika. Lakini chuma cha ndani hakikugusana vizuri, na pale mgusano ni mdogo, joto linazaliwa. Tena pini ilibanwa na pense ya kawaida, haikubanwa na pense yake yenyewe.

Mtaniuliza: si wanaandika IP67? Ndiyo. 6 maana yake vumbi haliingii kabisa; 7 maana yake inavumilia kuzama meta 1 ndani ya maji kwa dakika 30. Lakini ile ahadi ni ya fishi iliyofungwa na mwenzake wa kweli, na mpira wa nyuma umebana kable ya unene wake. Ukitia kable nyembamba, maji yanapita nyuma. Ukiiacha wazi bila kifuniko, ile namba haina kazi tena.

Na mvua ya kwetu si maji tu. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi ya salfa, ikikutana na mvua inakuwa asidi. Mnaona namna manjanja zinaoza mbio. Ikifika ndani ya fishi, inakula chuma polepole, moto unazidi, mpira unalegea, maji yanaingia tena.

Nilikata zote mbili, nikaweka mpya za mtengenezaji mmoja. Nikazifunga chini ya pano, zisilale juu ya manjanja pale maji yanatembea, na kable nikaipinda kidogo chini ili matone yaangukie kando. Skochi sikuzungusha: inafunga maji ndani.

Kwa wenye watajaribu wenyewe: msichomoe fishi wakati umeme unapita. Umeme wa mtaani, wa hertz 50, unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inapata nafasi ya kufa. Wa pano haupiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka na kuunguza vidole. Zima kwanza.

Frigo inalala usiku muzima sasa. Feza ya komite bado iko kwa mama muganga, wanabishana kama watanunua tanki ya maji. Fishi iliyoungua niko nayo nyumbani. Mwenye anataka kuiona apite.