Mbung'o aliyemshinda farasi bado yupo porini Tabora

Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Dk Livingstone, alikuwa na farasi wawili wa kupanda. Wote walikufa mapema, kabla ya kuiona Tabora. Katika njia ile farasi hawakudumu. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi.

Mmoja wa maadui wakubwa wa farasi katika ukanda huu ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Akimuuma humwachia vimelea vya nagana. Mnyama hukonda, huishiwa damu na kufa.

Kwa binadamu, ugonjwa wa jamii hiyo ni malale. Warina asali, wawindaji, wachungaji na watoto wanaofuatana nao kwenye misitu ya miombo wako hatarini.

Dalili za mwanzo ni uvimbe wenye kidonda palipoumwa, homa, kichwa kuuma na tezi kuvimba. Baadaye mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku na kuchanganyikiwa. Malale ya kwetu huenda kasi. Bila tiba huua ndani ya miezi.

Wengi hudhani ni malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi malale, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kama homa haiishi baada ya dawa, mweleze daktari kuwa wewe au mtoto mlikuwa porini, damu ichunguzwe kwa hadubini. Tiba ipo, wahini mapema.

Mkienda porini, vaeni nguo nzito zinazofunika mikono na miguu. Epukeni bluu na nyeusi. Rangi hizo humvuta mbung'o.