Tusiusingizie Uzee

Muhula uliopita nilialikwa katika siku ya michezo ya shule moja ya upili. Saa saba mchana, jua likiwa la utosi, walimu na wageni tuliombwa kushindana na wanafunzi katika mbio za mita 1,500. Mimi ambaye kazi yangu ni kuketi na kuchambua viambishi, nilijitoma uwanjani kwa fahari ya ujana ulioniaga zamani. Katika mzunguko wa tatu kichwa kiliniwanga, macho yakaingia kiza, nami nikaokotwa na maskauti. Kilichonifedhehesha zaidi ni kwamba mwalimu mmoja wa Hisabati, aliyebakisha miaka miwili astaafu, alimaliza mbio hizo akitiririkwa na jasho huku akitabasamu.

"Ni umri, Daktari," wenzangu waliniliwaza. Ikiwa ni umri, mbona yeye hakuanguka?

Lugha yetu ina neno hari, ambalo maana yake ni joto na vilevile jasho. Wazee walioliunganisha neno hilo hawakukosea. Mwili hujitahidi kubaki karibu na nyuzi 37. Tunapokimbia, takriban robo tu ya nguvu zinazotumiwa na misuli ndiyo inayogeuka mwendo. Sehemu kubwa iliyosalia huwa joto. Joto hilo sharti litoke. Moyo huisukuma damu hadi ngozini, nazo tezi hutoa jasho. Linalopoza mwili ni jasho linalokauka juu ya ngozi, si lile linalodondoka ardhini. Ndiyo sababu mkimbiaji hutaabika zaidi Mombasa, kwenye hewa yenye unyevu mwingi, kuliko Eldoret.

Ni kweli kwamba umri hudai haki yake. Kadiri miaka inavyosonga, kila tezi hutoa jasho haba, mishipa ya ngozini haipanuki kama zamani, na kiu huchelewa kutuonya. Hata hivyo, wataalamu wanapowalinganisha wazee na vijana wenye siha sawa, tofauti hiyo hupungua sana. Mazoezi huimarisha moyo, huongeza maji yaliyomo katika damu na huufunza mwili kutoa jasho mapema na kwa wingi. Kulizoea joto nako huchukua wiki moja au mbili, na mazoea hayo hupotea tukiyaacha. Sehemu kubwa ya lawama tunazoutwika uzee, basi, ni za uvivu.

Mwaka 2021, Eliud Kipchoge aliishinda marathoni ya Olimpiki akiwa na miaka 36. Mbio hizo zilikuwa zimehamishwa kutoka Tokyo hadi Sapporo kwa kuhofia joto. Lakini siha nayo ina mpaka wake. Mjini Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia ilianza usiku wa manane, na bado wakimbiaji 28 kati ya 68 hawakuimaliza. Mwenzetu Ruth Chepng'etich ndiye aliyeshinda. Ikiwa mabingwa wa dunia walilemewa na joto usiku, itakuwaje kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayekimbizwa adhuhuri?

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Wapo kati yetu wanaowaadhibu wanafunzi kwa kuwazungusha uwanjani jua likiwaka, na wengine huwanyima maji wakidai kwamba yatawalegeza. Huko si kuwakomaza, ni kuwahatarisha. Mkimbiaji anapoanza kupepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka, huenda joto la mwili wake limepita nyuzi 40. Huyo asihimizwe kumaliza. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji baridi, apepewe, kisha akimbizwe hospitalini bila kukawia.

Nanyi wanafunzi, msiucheke upara wa mwalimu wenu kabla ya mbio kwisha. Ujana ni mtaji, na mtaji usiofanyiwa kazi huliwa ukaisha.

Ama mimi, haba na haba hujaza kibaba: sasa ninatembea kila alfajiri, na juzi nimeanza kukimbia kidogo. Shule ile imenialika tena. Nimekubali kwa sharti moja tu, kwamba mbio zianze saa mbili asubuhi, na ndoo ya maji iwe kando ya uwanja.