Mzigo Mzito Hupanda kwa Hesabu

Katika somo lililopita tulijifunza kusoma na kuandika uzito, yaani kilo na tani. Leo tutaona kazi moja kubwa ambayo kosa dogo katika hesabu hizo lingeweza kuua watu. Fuatisha maneno kwa kidole. Ukifika penye namba, isome kwa sauti.

Katika nchi ya Kanada kuna mji uitwao Toronto. Katika miaka ya 1960 yalijengwa huko majumba marefu sana, nayo yakawa yakizuia mawimbi ya redio na televisheni. Wewe unayesikiliza redio unaijua taabu hiyo: sauti huja, hupotea, kisha hukwaruza. Basi shirika la reli la nchi ile, Canadian National, likaamua kujenga mnara utakaoyapita majumba yote ili mawimbi yapite juu bila kizuizi.

Kazi ilianza Februari 1973. Mnara huo huitwa CN Tower, na urefu wake ni meta 553. Ukisimamisha minazi ya meta 20, mmoja juu ya mwingine, itakubidi uwe na minazi 28 ili uupite.

Mguu wa mnara ni wa zege. Mafundi walimwaga zege ndani ya boksi kubwa. Zege ya chini ilipokuwa ngumu, boksi lilisukumwa juu kidogo kwa jeki, na zege nyingine ikamwagwa. Ili mnara usiegemee upande, walitumia vyombo vya kupimia pamoja na timazi, ile kamba yenye kitu kizito mwishoni aitumiayo fundi wa nyumba kijijini kwako. Kifaa ni kile kile, ila kamba yao ilikuwa ndefu zaidi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye somo letu. Mguu ulipokwisha, yalibaki mambo mawili mazito.

La kwanza lilikuwa chumba cha duara kinachouzunguka mnara, zaidi ya meta 300 kutoka chini. Ili kukijenga, ilibidi kupandisha mihimili 12 mikubwa ya chuma na mbao. Mafundi hawakutafuta mashine moja yenye nguvu za ajabu. Walifunga jeki 45 kwenye nyaya nene za chuma zilizoning'inia kutoka juu ya mnara. Wewe ukivuta ndoo kisimani, mkono mmoja huvuta na mwingine hushika, kisha unarudia. Jeki nazo zilifanya hivyo: zilivuta kidogo, zikashika, zikavuta tena. Mihimili ilitambaa polepole, ikafika mahali pake baada ya kama juma zima.

Kwa nini jeki nyingi? Chukua mfano. Mzigo wa tani 90 ukigawanywa sawasawa kwa jeki 45, kila jeki itabeba tani 2 tu. Lakini ni lazima zote ziende pamoja. Watu wakibeba mtumbwi, mmoja akainua haraka na mwingine akachelewa, uzito wote humwangukia mmoja. Ndivyo ilivyo kwa jeki pia.

Jambo la pili lilikuwa mlingoti wa chuma wa kurushia mawimbi, wenye urefu wa meta 102, ambao ulitakiwa kusimama juu kabisa. Mlingoti huo uligawanywa vipande zaidi ya 30. Kipande kizito kuliko vyote kilikuwa na uzito wa tani 8 hivi, sawa na mifuko 160 ya saruji ya kilo 50. Kazi ya kuvipandisha ilipewa helikopta kubwa iliyopewa jina la Olga. Uwezo wake wa kuinua ulikuwa kama tani 9. Umeona? Kati ya 8 na 9 nafasi ni ndogo. Ndiyo sababu kila kipande kilipaswa kujulikana uzito wake kabla ya kuondoka chini.

Hata hivyo hatari ilikuja. Machi 1975, kabla ya kupandisha mlingoti, helikopta ilikwenda kushusha winchi iliyokuwa juu ya mnara. Ilipoanza kuinua, kipande cha winchi kilijipinda kidogo, bolti zikakwama. Helikopta ikawa imefungwa kwenye mnara, huku mafuta yakipungua. Mafundi walipanda wakazikata bolti kwa moto. Helikopta iliposhuka, ilikuwa imebakiwa na mafuta ya dakika 14 tu.

Kazi ikaendelea. Kazi iliyokadiriwa kuchukua miezi 6 ilikwisha kwa majuma matatu na nusu, na tarehe 2 Aprili 1975 kipande cha mwisho kilifungwa. CN Tower ulikuwa mnara mrefu kuliko majengo yote yanayosimama yenyewe duniani hadi mwaka 2007, jengo la Burj Khalifa la Dubai lilipoupita.

Ndugu yangu, huenda usipande mnara huo hata siku moja. Lakini ukifanya kazi bandarini, kiwandani au kwenye jengo, tazama winchi. Utaona namba imeandikwa. Hiyo ndiyo tani ambayo haifai kuzidishwa. Asiyejua kusoma humtegemea mwenzake amwambie, na mwenzake akinyamaza, mzigo humwangukia. Wewe sasa unaweza kuisoma mwenyewe. Isome kwanza, uliza uzito wa mzigo, kisha ondoka chini yake. Ukiona namba hazipatani, sema, hata kama msimamizi ana haraka.

MASWALI YA DARASA
1. Kwa nini watu wa Toronto walihitaji mnara mrefu?
2. Mzigo wa tani 60 ukigawanywa sawasawa kwa jeki 12, kila jeki itabeba tani ngapi?
3. Winchi imeandikwa tani 5. Mzigo una mifuko 120 ya saruji ya kilo 50. Je, utakubali uinuliwe? Eleza sababu.