Chatu Akitema, Mwache na Njaa Yake

Nyoka mchanga akitema panya aliyemmeza juzi, dawa ya kwanza ni kumnyima chakula. Kwa sisi tuliozaliwa Kilembwe, huko Lulenge katika Fizi, mashariki mwa Kongo, hilo ni gumu kukubali. Kwetu anayetapika hupikiwa uji; akikataa hubembelezwa, na akizidi kukataa shangazi huitwa. Lakini hapa Louisville, Kentucky, tulikohamia baada ya miaka katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, binti yangu anafuga chatu, na chatu habembelezwi.

Mama yangu mdogo, aliyebaki Kilembwe, alipomwona kwenye simu ya video alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Mwanangu, huko Amerika mbuzi hakuna?" Ana haki ya kuuliza. Kwetu nyoka akiingia nyumbani linatafutwa panga. Wavuvi wa Baraka wanamjua vizuri yule swila wa majini anayewinda samaki katika Ziwa Tanganyika, ila sijasikia hata mmoja aliyempeleka nyumbani. Huyu wa binti yangu ni Mwafrika mwenzetu, lakini si wa Fizi: ni chatu mdogo wa ukanda unaoanzia Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambaye amekuwa akisafirishwa kwa makumi ya maelfu kwa mwaka kutoka Togo, Benin na Ghana. Hana sumu. Akiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati, akakaa hivyo hata saa nzima.

Chakula chake ni panya mzima, kila baada ya siku tano hadi saba akiwa bado mchanga. Panya huyo asizidi unene wa sehemu pana ya mwili wa nyoka. Tunamnunua akiwa amegandishwa, mgumu, manyoya yameshikamana. Analala usiku mmoja kwenye jokofu ili barafu iyeyuke, kisha anafungwa katika mfuko wa plastiki na kuzamishwa katika maji ya moto. Binti yangu humbonyeza tumbo kwa kidole kuhakikisha hakuna barafu iliyobaki ndani. Maikrowevu hapana: panya anaiva upande mmoja, upande wa pili bado baridi, na tumbo linaweza kupasuka. Joto lenyewe ni muhimu, kwa kuwa midomo ya chatu ina vishimo vinavyohisi joto la windo. Panya wa baridi kwake si windo. Huyu wetu hupitisha ulimi mara kadhaa, anarudisha shingo nyuma, halafu hujamuona: panya ameshabanwa.

Kazi kubwa inaanza baada ya kumeza. Tumbo la chatu asiye na chakula halina asidi ya maana. Panya akishaingia, asidi inamiminwa mpaka inakuwa kali ya kuyeyusha mifupa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba misuli ya moyo wa chatu wa Burma huongezeka kwa takriban asilimia 40 ndani ya siku mbili tu za kuyeyusha mlo. Na mashine yote hiyo haina moto wake. Inaazima joto la nje. Ndiyo maana sanduku lake linahitaji upande wenye nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, na upande wa pili nyuzi 25 hadi 27, achague mwenyewe. Umeme ukikatika usiku wa Januari, asidi na vimeng'enya vinalegea, panya anaanza kuoza tumboni, na nyoka anamrudisha. Anachokirudisha ni kirefu, kimelowa, manyoya yamebanduka, na harufu yake inakaa chumbani hadi kesho.

Sababu ya pili ya kutema, na kwenye nyumba yenye watoto huenda ndiyo ya kwanza, ni mikono. Nyoka aliyeshiba asiguswe kwa saa 48. Wageni wakija baada ya ibada, kila mtu anataka kumbeba apigwe picha, na mimi ndiye ninayekaa mlangoni kukataa. Windo kubwa mno nalo hurudi. Na kuna magonjwa: minyoo, na kijidudu kiitwacho kriptosporidia kinachovimbisha ukuta wa tumbo.

Akishatema, safisha sanduku, pima joto kwa kipimajoto chenyewe, si kwa kiganja, na muwekee maji. Kisha ngoja siku kumi hadi kumi na nne. Asidi iliyopanda na kile kilichorudi vimeunguza koo, na tumbo linahitaji muda wa kujijenga. Mlo unaofuata uwe nusu ya ule wa kawaida. Akitema mara ya pili, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua nyoka, ukiwa na kinyesi chake na kile alichokitema, vyote kwenye mfuko.

Kukataa kula tu ni jambo jingine. Anayekaribia kujivua gamba macho yake huwa na ukungu wa kibuluu, na wengi wakati huo hawagusi chakula. Aliyehamishwa juzi anakataa, na asiye na pango la kujificha anakataa. Pima uzito wake kila wiki kwa mizani ndogo ya gramu. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi, hapo wasiwasi ni halali. Kumfungua mdomo na kumsukumia panya ni kazi ya daktari.

Nyumbani kwangu sheria hazijadiliwi. Nyoka hubeba salmonela hata akiwa mzima, kwa hiyo koleo na bakuli lake haviingii jikoni tunakosonga ugali, na kila aliyemgusa ananawa kwa sabuni. Mtoto wa chini ya miaka mitano hamgusi kabisa, hata akilia.